Nikeli ya kuchovya bila umeme: tulivyoiona kwenye slivu, planja na pini za moldi

Wadau wa matengenezo, hii ni rivyuu ya huduma ya nikeli ya kuchovya, ile isiyotumia umeme, tuliyofanyiwa na karakana moja ya hapa Dar maeneo ya viwandani. Jina silitaji, kuna sehemu nawasifu na kuna sehemu nawasema, na ninachotaka mimi ni mtu ajue kitu chenyewe kinafanya nini na hakifanyi nini kabla hajatoa hela ya kampuni. Kwa kifupi: slivu za pampu (bomba fupi linalovalishwa shafti) nimeridhika, planja (rodi inayosukuma maji ndani ya pampu) nimeridhika, pini za moldi ndo nimeridhika kabisa, impela (gurudumu la mapanga la pampu) ya maji ya mchanga usijisumbue, na ukifika pale ukasema tu "nipigieni nikeli" bila kutaja fosforasi, unene na joto utapewa chochote kilichopo kwenye tangi siku hiyo, na hapo usije ukalaumu nikeli.

Tuanze na inavyofanya kazi maana bila hapo hata malalamiko hayaeleweki. Wengi tumezoea kromu ngumu, ile ya rodi za haidroliki. Kromu inapigwa kwa umeme, na umeme unapenda kona na ncha, kwahiyo ukipiga shafti yenye ngazi kwenye kona inajaa sana, kwenye bonde inakuwa nyembamba, ndani ya tundu haifiki kabisa, ikitoka lazima irudi kwenye mashine ya kugrindi ndo uipate saizi. Hii nikeli haina waya wala rektifaya. Ni tangi la dawa ya moto, nyuzi 85 hadi 95 hivi, ndani kuna chumvi ya nikeli na hipofosfaiti ya sodiamu, hiyo hipofosfaiti ndo inayotoa elektroni zinazoigeuza nikeli kutoka kwenye maji kuwa metali, na metali inakaa popote dawa inapogusa, nje, ndani ya tundu, kwenye meno ya nati, kwenye mfereji wa kii, kote unene uleule au karibu uleule. Inapanda taratibu, kama mikroni 10 mpaka 20 kwa saa, mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Na kwa vile hipofosfaiti ina fosforasi, sehemu ya fosforasi inabaki ndani ya nikeli, kwahiyo unachopata sio nikeli tupu, ni aloi ya nikeli na fosforasi, na kiasi cha hiyo fosforasi ndo kinaamua karibu kila kitu.

Jambo lenyewe sio jipya hata kidogo. Mfaransa Wurtz aliona mwaka 1844 kwamba hipofosfaiti inaweza kuishusha nikeli, ila alipata unga tu. Waliofanya kitu cha kutumika viwandani ni Abner Brenner na Grace Riddell wa ofisi ya viwango ya Marekani mwaka 1946, walikuwa wanahangaika kupiga nikeli ndani ya mabomba kwa umeme, wakaongeza hipofosfaiti kwenye dawa, wakakuta nikeli inayokaa ni nyingi kuliko umeme walioupeleka unavyoruhusu. Yaani nyingine ilikuwa inakaa bila umeme. Miaka ya 1950 kampuni ya mabehewa ya kule Marekani ikaichukua ikawa inapigia ndani ya mabehewa ya tangi ya kubebea kostiki soda. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wakisikia "bila umeme" wanadhani ni rangi ya kupuliza, hapana, ni metali kamili, na viwango vyake vipo, ukitaka kumbana fundi mwambie ASTM B733 au ISO 4527, kama hajawahi kuzisikia tafuta mwingine.

Sasa slivu. Pampu zetu za maji ya kupozea zinatumia maji ya kisima na kisima cha Dar mnakijua, chumvi. Shafti ina slivu ya chuma, juu ya slivu kuna mdomo wa sili ya mpira, ile inayozuia maji yasivuje. Watu wanashangaa mpira unawezaje kumla chuma, ila ukiifungua utaona mfereji umezunguka slivu pale pale mdomo unapokaa, ukipitisha ukucha unanasa. Sio mpira wenyewe unaokula. Ni vumbi na chembe za kutu zinazonasa kwenye mdomo zikawa msasa, alafu chumvi nayo inafanya lake, inatengeneza kutu nyembamba, mdomo unaifuta, chuma kipya kinabaki wazi, kinapata kutu tena, kinafutwa tena. Huo ulaji wa kutu na msuguano vikishirikiana ni mbaya kuliko kila kimoja peke yake, na ugumu peke yake hauutibu. Kromu ngumu tuliwahi kuwa nayo hapo na ni ngumu kweli, ila kromu ina nyufa ndogo ndogo za asili yake, maji ya chumvi yanapita kwenye nyufa yanakikuta chuma cha chini, baada ya muda unaona vidoa vya kahawia vinatokea chini ya kung'aa na mwisho inabanduka vipande.

Kwa slivu hizo tukaagiza fosforasi ya juu, asilimia 10 hadi 12, unene mikroni 50, na tukaandika kwa herufi kubwa isichomwe kwenye oveni nyuzi 400. Fosforasi ikiwa nyingi hivyo nikeli inakaa bila mpangilio wa fuwele, haina mipaka ya chembe ambayo chumvi inaanzia kuchimba, kwahiyo inakuwa kifuniko hasa. Ukiichoma nyuzi 400 inakuwa ngumu ndio, ila inasinyaa asilimia 4 mpaka 6 na inaweka nyufa nyembamba, basi umeuza kinga ya kutu ili ununue ugumu. Kwenye maji ya chumvi mi sinunui. Tulipofungua pampu baada ya miezi kadhaa ya kupiga kazi usiku na mchana, pale mdomo unapokaa kuna mkanda unaong'aa zaidi ya sehemu nyingine, basi, ukucha unapita hausikii kitu, na hakuna doa la kahawia hata kwenye ukingo wa ndani ambako sili haigusi. Kwa pampu hizi sijawahi kuona slivu inatoka hivyo.

Ila kuna kitu lazima kifanyike kabla ya kupeleka, na hapa karakana haihusiki, ni wewe. Nikeli hii inafuata uso ulioikuta, haijazi mikwaruzo. Slivu ikitoka kwenye kukerezwa na alama za kisu zimezunguka kama uzi wa skrubu, nikeli itazinakili zile alama zilezile, na alama za mzunguko namna hiyo chini ya mdomo wa sili zinasukuma maji nje kama pampu ndogo. Kwahiyo grindi na polishi kwanza, ukwaru uwe kati ya 0.2 na 0.8 ya mikroni, ndo upeleke. Na toa nafasi ya unene: mikroni 50 ya nikeli inaongeza kipenyo mikroni 100 kwa sababu inakaa pande zote mbili. Kwenye uzi wa nati ni balaa zaidi, kipenyo cha kati cha uzi wenye pembe ya nyuzi 60 kinaongezeka mara nne ya unene, mikroni 25 inakuwa 100, nati haipandi. Wambie wazibe uzi au ukate uzi mdogo kidogo tangu mwanzo.

Hapa naomba tutenganishe vitu viwili ambavyo mafundi wengi, na wauzaji ndo zaidi, wanavichanganya: msuguano ni kitu kimoja na kulika ni kitu kingine. Muuzaji atakwambia "hii inapunguza msuguano" alafu anakuonyesha namba ya ugumu. Hapana. Nikeli ya fosforasi ikisugua chuma kikavu msuguano wake ni kama 0.4, ukiweka oili unashuka kwenye 0.13 hivi, na hiyo namba haibadiliki sana ukiongeza au ukipunguza fosforasi wala ukiichoma. Unachobadilisha kwa kuichoma ni kulika. Ikitoka tangini ugumu wake ni 500 hadi 600 kwa kipimo cha Vickers kwa fosforasi ya kati, ukiiweka kwenye oveni nyuzi 400 kwa saa 1 ile fosforasi inajikusanya inatengeneza fosfaidi ya nikeli, chembe ngumu zilizotawanyika ndani, ugumu unapanda 900 mpaka 1000, hapo umemfikia kromu.

Na kuna jedwali moja la mashine ya Taber nalipenda sana, ile mashine ya magurudumu ya msasa inayozungusha kipande mizunguko 1000 chini ya mzigo wa gramu 1000 kisha wanapima uzito uliopotea kwa miligramu. Nikeli ya kawaida ya umeme inapoteza 25. Nikeli yetu yenye fosforasi asilimia 9 bila kuchomwa inapoteza 17. Ukiichoma saa 1 kwa nyuzi 300 inapoteza 10, kwa 500 inapoteza 6, kwa 650 inapoteza 4. Kromu ngumu inapoteza 2. Zitazameni hizo namba vizuri. Kwanza kromu bado ni bingwa wa msasa hata nikeli ichomwe vipi, anayekwambia nikeli imemshinda kromu kila mahali anakuuzia maneno. Pili, angalia 650: ugumu wa juu kabisa unapatikana karibu na 400, ukizidi hapo chembe zinakua kubwa na ugumu unaanza kushuka, lakini kulika kunaendelea kupungua. Maana yake ugumu sio hadithi yote, kuna na ushupavu, nikeli iliyo ngumu kupindukia inavunjika vunjika kidogo kidogo chini ya mchanga, iliyolegea kidogo inavumilia. Sio kwamba upeleke shafti yako nyuzi 650, itapinda na chuma chake kitaharibika, ila ni jambo la kulifahamu pale mtu anapokutajia Vickers kana kwamba ndo bei ya kila kitu.

Planja zetu za pampu ya presha ya kuoshea kreti tulizipeleka kwa mpango tofauti, fosforasi ya kati, mikroni 40, zichomwe 400 kwa saa 1. Zile zinatembea ndani ya pakingi, maji safi yenye sabuni, ulainishaji upo, chumvi hakuna. Hapo ndo nyumbani kwa nikeli iliyochomwa: kusuguana kwa kuteleza, kuna kilainishi, mzigo wa wastani. Zimetoka na rangi za zambarau na dhahabu kama bomba la egzosi, mwenzetu wa stoo akazikataa akisema zimeungua. Hazijaungua, ni oksaidi nyembamba sana juu kwa sababu oveni yao ina hewa ya kawaida, haina gesi ya kuzuia wala vakyumu, kwa planja haina madhara yoyote. Ila karakana ingetakiwa kusema mapema, kuna mteja ambaye kazi yake ni ya kuonekana na hiyo rangi angeikataa kwa haki.

Tahadhari ya chuma cha chini. Kuna vyuma vilivyochomwa na kupozwa ghafla viwe vigumu, alafu vikapashwa joto dogo tu, vyuma vya beringi kwa mfano, ukivipeleka nyuzi 400 umeua ugumu wao wa ndani, nikeli inabaki ngumu juu ya chuma kilicholegea, na mzigo ukija kwa nukta moja inapasuka kama ganda la yai juu ya uji. Kwa vyuma hivyo kuna njia ndefu, nyuzi 260 kwa saa 20, ASTM B733 inaitaja, ila uliza kama karakana ina oveni ya kukaa siku nzima bila umeme kukatika na joto kuyumba, kwa sababu hapa kwetu hilo sio swali la mzaha. Aluminiamu nayo usiichome 400, aloi zile ngumu za moldi zinalegea zamani sana kabla hujafika huko, kwake ni joto dogo la kushikisha tu, 130 hadi 190. Na springi au bolti zenye ugumu mkubwa lazima zipashwe joto la 190 hadi 220 kwa masaa mara tu zinapotoka tangini, haidrojeni inaingia kwenye chuma wakati wa kuandaa na kuchovya, usipoitoa springi inakatika ghafla ikiwa kazini bila dalili.

Sasa pini za moldi, hapa ndo moyo wangu ulipo. Sisi tunapiga vyombo vya plastiki vya chakula. Pini za kusukuma bidhaa itoke zinaenda mbele na kurudi kila mzunguko wa mashine, ndani ya tundu lenye nafasi ndogo sana, kwenye moldi ya moto, na huwezi kuzipaka grisi vile unavyotaka kwa sababu grisi itaonekana kwenye bakuli la mtu, doa la kijivu, bakuli linatupwa. Bila grisi pini inashikana na tundu, inakwangua, mwisho inakatika au inaganda imesimama nje na moldi ikifunga inaumia uso. Kila fundi wa injeksheni anaijua hiyo ghadhabu.

Dawa yake ni nikeli yenye tefloni ndani. Ni tangi lilelile la nikeli ya fosforasi lakini wamechanganya chembe za tefloni ndogo chini ya mikroni 1, zinanaswa ndani nikeli inapopanda, zinakuwa robo ya ujazo au pungufu kidogo, asilimia 20 hadi 25. Hii ndo inayopunguza msuguano kwelikweli, kikavu unashuka kwenye 0.1 mpaka 0.2, na inaendelea hata ikilika kwa sababu tefloni ipo unene wote, uso ukiondoka ile ya chini inafunguka. Ila imelipwa kwa ugumu, sasa ni Vickers 250 hadi 350 tu, laini kuliko hata nikeli isiyochomwa, na huwezi kuichoma 400 kwa sababu tefloni inayeyuka 327, kazi zake zisizidi 260 hivi. Kwahiyo wanaanza na tabaka la nikeli ya kawaida chini, alafu nyembamba ya tefloni juu, mikroni 5 hadi 12. Kwa pini za polipropilini na polithini ni raha tupu, pini zinatembea kavu, bidhaa inatoka bila kung'ang'ania, madoa ya grisi yameisha kabisa kwenye moldi hizo. Mtu wa ubora aliacha kutuletea bakuli za ushahidi ofisini, na kwetu hilo ni jambo kubwa.

Usiweke hiyo kwenye nailoni yenye nyuzi za kioo. Kioo kitaifuta fasta. Hapo ni nikeli ya fosforasi iliyochomwa, au ile ya chembe za silikoni kabaidi, au kromu. Na kama unapiga PVC, fosforasi ya juu isiyochomwa ndo rafiki yako, PVC ikizidi joto inatoa gesi ya asidi ya haidrokloriki na hiyo inakula moldi ya chuma usiku kucha wakati nyie mmelala.

Kitu kingine nilichowasisitizia sana: usipige nikeli pande zote mbili zinazosuguana. Mtu anafikiri pini nikeli na bushi (bomba ambalo pini inatembea ndani yake) nikeli basi ni mara mbili ya uzuri. Metali ya aina moja ikikutana na nduguye bila oili ya kutosha inapenda kushikana, nundu ndogo za uso zinagandana, zinachanika, vipande vinahamia upande wa pili, na ukishaanza hauzuiliki. Fosforasi inapunguza hiyo tabia lakini haiifuti. Piga pini, bushi iache shaba au chuma kigumu. Kwa upande mwingine kama una stenlesi juu ya stenlesi inayoshikana, bolti na nati kwa mfano, kupiga nikeli upande mmoja tu kunasaidia sana.

Impela ya mchanga niliitaja mwanzo. Jirani zetu waliipeleka, pampu ya maji machafu yenye mchanga, na ilirudi inapendeza kweli, ila mchanga unaogonga kwa mwendo ule hauhitaji kuteleza, unachimba, na mikroni 50 za nikeli ni kitu kidogo mbele yake, kwenye ncha za mapanga ilikuwa imeisha kabla ya mahali pengine popote. Karakana ilipaswa kuwaambia. Fundi mzuri anakataa kazi isiyofaa.

Sasa huduma yenyewe. Mapokezi mazuri, jamaa wa maabara anajua anachokifanya na anajibu maswali bila kukasirika, nilimwuliza dawa ina umri gani akanionyesha daftari. Hilo swali ni muhimu jamani. Kila nikeli inaposhuka hipofosfaiti inageuka othofosfaiti, taka inayobaki kwenye tangi, wanaongeza nikeli wanaongeza kemikali, na umri wa dawa unahesabiwa kwa mara ngapi nikeli yote ya tangi imeisha na kurudishwa. Dawa ikizeeka nikeli inakaa na mkazo wa kuvuta, vishimo vinatokea, kushikamana kunapungua, na yote hayo hutayaona kwa macho siku ya kupokea, utayaona sili ikianza kuvuja. Karakana inayokataa kukwambia umri wa dawa inakuficha kitu.

Nilichowasema: kundi la kwanza la pini zenye tundu lisilotokea upande wa pili lilirudi na sehemu wazi ndani kabisa ya tundu, chuma kitupu. Sababu ni kuning'iniza vibaya. Kazi hii inatoa gesi ya haidrojeni muda wote, viputo vinapanda, tundu likiangalia chini gesi inanaswa humo na dawa haigusi. Wanatakiwa waning'inize tundu likiangalia juu au waitikise kila mara. Waliivua nikeli wakapiga upya bila malipo, sawa, lakini ni siku ambazo moldi imekaa mezani, na mtu mwenye uzoefu wa tangi haruhusiwi kukosea hilo. Pia karatasi ya vipimo haikuja na mzigo mpaka tulipoiomba.

Kinachonifanya niwarudie ni kipande cha ushahidi. Tuliomba kila mara waning'inize kipande cha shaba njano tangini pamoja na mzigo wetu. Shaba haianzi yenyewe, mpaka uiguse na chuma ndani ya dawa ndo nikeli inashika, walifanya hivyo mbele yangu kwa waya na kipande kikaanza kutoa viputo palepale. Kipande hicho kinakusaidia mambo matatu: unakipima unene kwa maikrometa kabla na baada, unasogeza sumaku, fosforasi ya juu isiyochomwa haivutwi kabisa, ikivutwa ujue fosforasi ni ndogo au imechomwa, na ukitaka uhakika zaidi maabara wanachovya kipande kilichopigwa chote kwenye asidi kali ya naitriki sekunde 30, fosforasi ya juu inabaki na rangi yake, iliyo pungufu inageuka nyeusi. Hiyo ya asidi waachie wenyewe, ile moshi sio ya kuvuta. Kipande chetu cha slivu hakikuvutwa na hakikugeuka.

Ile nikeli ya boroni, yenye boroni badala ya fosforasi, waliyoitaja kwenye bei yao sijaitumia hapa, kwa namba za Taber inapoteza 9 bila kuchomwa na 3 ikichomwa 400, yaani inamkaribia kromu sana, uso wake unakuwa wa vinundu vinundu hivyo mgusano unapungua, ila kinga ya kutu ni ndogo kuliko fosforasi ya juu, dawa yake ni kali ya magadi inaila aluminiamu, na bei yake iko juu. Kwa viwanda vya plastiki na maji sioni haja yake.

Bei wanachaji kwa eneo la uso na unene, na kuchoma ni ziada. Kwa slivu na planja ilikuwa chini ya nusu ya spea mpya ya kuagiza nje, bila kuhesabu muda wa kusubiri meli. Kwa pini ndogo ndogo inapanda kwa sababu ya kuziba na kuning'iniza moja moja, peleka nyingi kwa pamoja. Na kwa wale wanaouliza kwanini tusibaki na kromu tu, mbali na yote niliyosema, kromu ya zile tangi za zamani ni ile ya sumu inayosababisha saratani kwa wanaofanya kazi juu yake, Ulaya tangu 2017 huwezi kuitumia bila kibali maalum. Nikeli nayo sio maji ya kunywa, chumvi zake ni hatari na ngozi za wengine zinaikataa, ila pale nilikuta vijana wana glovu ndefu, miwani, na feni ya kuvuta mvuke inafanya kazi, na hilo limeingia kwenye maksi zangu.

Maksi: nne kati ya tano kwa pini na slivu, tatu na nusu kwa mawasiliano. Kwenye oda andika chuma cha chini ni aina gani na ugumu wake, asilimia ya fosforasi, unene na wapi pazibwe, kuchoma au kutochoma na nyuzi ngapi saa ngapi, kipande cha shaba, umri wa dawa, na tundu liangalie juu. Mzigo wetu unaofuata ni pini za kuongozea moldi za vifuniko, pini tu, bushi zinabaki shaba.